Maswali ya Jikoni: Ladha ya Ayala na Nyama Nyingine za Porini

Kila mwaka, msimu wa uwindaji unapofunguliwa Amerika ya Kaskazini, barua za safu hii hugeuka kuwa swali moja lililovaa nguo tofauti: nyama hii niliyopewa na jirani ina ladha gani, na nitaifanyaje? Safari hii nimechagua barua tano. Kabla ya kuzijibu naomba tukubaliane juu ya jina. Mnyama tunayemzungumzia ni yule ambaye dume lake huota pembe zenye matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya. Wafasiri wengi humwita kulungu au paa, lakini majina hayo yana wenyewe, kwa kuwa kulungu na paa ni wanyama wetu, tena pembe zao hazidondoki. Biblia ya Kiswahili, katika Zaburi ya 42, ilimwita ayala, nami nitamwita hivyo hadi mwisho.

Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na huu ni mwaka wa sita nikiishi Iowa. Jirani yetu, mzee ambaye hutuondolea theluji mlangoni bila hata kuombwa, alituletea paketi nne za nyama ya ayala aliyempiga mwenyewe. Mke wangu ameziweka kwenye friza na hataki kuzifungua, kwa sababu rafiki yake wa kanisani amemwambia kwamba nyama hiyo inanuka. Inafanana na nini kati ya nyama tulizozijua nyumbani? Na je, ni kweli inanuka? (Msomaji, Iowa)

Marahaba, ndugu yangu. Mwambie mama afungue paketi. Ayala wa Iowa amekua akila mahindi na soya katika mashamba ya watu, pamoja na matunda ya miti ya mwaloni yanayoanguka majira ya vuli, na mnyama aliyelishwa hivyo huwa na nyama iliyotulia kuliko nyingi nilizowahi kuzipika. Nasema hivyo baada ya kupika miaka 11 katika kambi za uwindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania, na baadaye kukaa kwa mwanangu Minnesota vipindi vinne vya baridi, ambako wakwe zake ni wawindaji wa ukoo mzima.

Mara ya kwanza mkwe mwenzangu aliponifungulia paketi, iliyofungwa kwa karatasi nyeupe ya bucha, niliona mnofu mwekundu uliokolea kama maji ya rosela, usio na ule mchoro mweupe wa mafuta unaopita katikati ya nyama ya ng'ombe aliyenenepeshwa. Aliikata vipande vyenye unene wa vidole viwili, akatia chumvi, akaviweka kwenye kikaango cha chuma chenye siagi, na baada ya dakika chache akanipa kimoja. Nilikitafuna polepole nikiungojea ule uporini uje, na haukuja. Ilikuwa nyama kama ya ng'ombe asiye na mafuta, yenye utamu kidogo mwanzoni, na mwishoni ladha ya mbali ya maini, ambayo ndiyo ladha ya chuma kilichomo katika damu na katika misuli ya mnyama anayekimbia maisha yake yote.

Kosa lilikuja kesho yake, na lilikuwa langu. Nilichoma paja pamoja na mafuta yake ya nje, kama ambavyo ningefanya kwa mbuzi, kwa kuwa kwetu mafuta ndiyo raha ya nyama. Mafuta ya ayala si ya namna hiyo. Yanahitaji joto kubwa zaidi ili yayeyuke kuliko mafuta ya ng'ombe, hivyo yakipoa kidogo tu sahanini huganda, na mdomoni hung'ang'ania kwenye kaakaa kama mshumaa, yakishikilia kila harufu iliyomo. Mnaojua mafuta ya kondoo mzee yanavyoganda kwenye mchuzi uliopoa mnaweza kupata picha, ingawa ya ayala yanazidi. Mkwe wangu alicheka sana, kisha akanieleza kwamba kwao mafuta hayo hukatwa yote, pamoja na utando mweupe unaofunika misuli, kabla nyama haijaguswa na moto. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba watu wengi wanaosema ayala ananuka wamekula mafuta yake na kuisingizia nyama.

Hata hivyo sitaki rafiki wa mke wako aonekane mwongo, maana ayala anaweza kunuka kweli, na zipo sababu ambazo sisi tunazifahamu vizuri kutoka kwa wanyama wetu. Ya kwanza ni ile ya beberu. Kila aliyefuga mbuzi anajua kwamba nyama ya beberu aliyekuwa akifuatana na majike haiwezi kulinganishwa na ya ndafu, yaani dume aliyehasiwa, na ayala dume katika mwezi wa Novemba, wakati wa kupandana huko kaskazini, ni beberu wa msituni. Ya pili ni tezi zilizo upande wa ndani wa miguu ya nyuma, zilizofunikwa na shungi la manyoya meusi, ambalo mnyama hulikojolea makusudi ili aache harufu yake kila apitapo. Mwindaji akilishika shungi hilo kisha akaendelea kushika nyama kwa mkono uleule, au akalikata na kutumia kisu hichohicho kwa mnofu, harufu imeshahama.

Hapa ndipo ninapomkumbuka kuro. Katika kambi zetu kuro alikuwa na sifa mbaya kuliko wanyama wote. Wageni walimpiga kwa ajili ya pembe, na wapagazi wengine walikataa nyama yake hata ilipotolewa bure. Lakini palikuwa na mzee mmoja mchunaji, mtu wa maneno machache, ambaye kuro akichunwa naye analika. Siri yake ilikuwa mkono mmoja wa kushika ngozi na mwingine wa kushika nyama, bila kubadilishana hata mara moja, kwa sababu uvundo wa kuro umo katika mafuta yanayolainisha manyoya yake, haumo katika mnofu. Ukiona ayala wa mtu mmoja ananuka na wa jirani yake hanuki, ilhali wote wametoka shamba moja la mahindi, usimtazame mnyama, mtazame mchunaji.

Sababu ya tatu ni mbio. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbizwa mwendo mrefu kabla ya kufa humaliza sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake, na sukari hiyo ndiyo ambayo baada ya kifo hugeuka kuwa asidi inayoipa nyama rangi nzuri na kuifanya idumu. Isipokuwepo, nyama huwa nyeusi, ya kunata na yenye ladha nzito, na huharibika upesi. Wewe unayeishi Iowa, kwenye viwanda vingi vya nyama, huenda umesikia wenzako wakilalamika juu ya ng'ombe waliofika wakiwa wamehangaishwa njiani. Jambo ni hilohilo. Sababu ya nne ni joto: mzoga usiopasuliwa na kupozwa mapema huoza kuanzia ndani, hata kama nje kuna ubaridi. Na ya tano ni damu, kwa kuwa mnyama aliyepigwa risasi havuji damu vizuri kama aliyechinjwa, na sehemu iliyozunguka jeraha, yenye damu iliyoganda, inapaswa kukatwa na kutupwa. Nyama iliyobaki na damu nyingi ndiyo inayowafanya watu waseme kwamba ayala wote ni maini.

Ulitaka nimfananishe na nyama za nyumbani. Kwa ayala jike au dume mchanga wa mashamba ya mahindi, ndugu yake wa karibu kabisa kwa ladha ni swala pala: nyuzi nyembamba, hana shombo, hana mafuta. Tandala naye yuko karibu, ingawa yeye nampandisha daraja moja juu ya ayala, na sitabishana na Mmarekani yeyote kuhusu hilo. Pofu anafanana zaidi na ng'ombe kuliko na ayala, tena ni miongoni mwa wachache wa porini wenye mafuta yanayoliwa kwa furaha. Nyumbu ni mzito na mweusi zaidi. Nyati ana ladha nzuri ya ng'ombe wa zamani, aliyetembea sana, lakini tulimla siku ileile aliyopigwa, na ugumu wake ulikuwa wa kandambili. Ngiri ni nguruwe aliyepunguzwa mafuta, na pundamilia ana utamu ambao wengine huupenda na mimi haujanipendeza kamwe.

Zingatia pia kwamba hatukuwahi kuwapa wanyama wetu nafasi ambayo ayala wa jirani yako amepewa. Kule kaskazini mzoga hutundikwa mahali penye baridi, kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi, kwa siku kadhaa na mara nyingine zaidi ya wiki, na katika muda huo misuli hujilainisha yenyewe. Porini kwetu, katika joto la Oktoba, nyama iliyolala bila friji ilikuwa ni ya kukaushwa au ya kuzikwa. Nusu ya tofauti ambayo watu huiita ladha ya mnyama ni tofauti ya hali ya hewa.

Mzee, tunakusalimu kutoka Missoula, Montana. Mwenzangu kazini ni mwindaji, na ameniambia nichague: ayala wa milimani, wapiti, dubu, au mnyama wa tambarare ambaye wao humwita swala. Nichague kipi, ukizingatia kwamba watoto wangu wamezoea kuku? (Baba wa watoto wanne)

Chagua wapiti, na umshukuru sana mwenzako, kwa sababu huyo ndiye anayefichwa na wawindaji wengi kwa ajili ya familia zao. Wapiti ni ayala mkubwa, dume lake hupita kilo 300, naye hula nyasi zaidi kuliko majani ya vichaka. Nyama yake ni ya karibu kabisa na ng'ombe kuliko ya ayala yeyote mwingine niliyemla, na mtoto asiyeambiwa hatauliza swali. Anayemzidi kwa ukubwa ni moose, yule mwenye pembe pana kama makafi; nyuzi zake ni nene, ladha yake ni ya upole, na hufaa sana kwa mchuzi.

Ayala wa milimani huko kwenu, mwenye masikio marefu kama ya punda, ndiye aliyewaharibia jina wenzake. Katika nyanda kavu za magharibi hula kichaka cha kijivu ambacho ni jamaa ya pakanga yetu, na aliyewahi kunyweshwa pakanga na bibi yake akiwa na homa hahitaji kuelezwa uchungu na harufu yake. Wapo wanaosema harufu hiyo huipa nyama kiungo cha bure. Mimi nimeila mara mbili, mara moja ikiwa nzuri na mara moja ikiwa kama imepikwa na dawa ya kienyeji, na hiyo ya pili ilikuwa ya dume mzee wa Novemba, kwa hiyo sijui niilaumu pakanga au ubeberu. Ukipewa, ulizia alipigwa mwezi gani na alikuwa na umri gani.

Mnyama wa tambarare ambaye Wamarekani humwita swala si swala wala si ayala. Yuko peke yake katika ukoo wake. Kwa ladha, hata hivyo, jina la swala linamstahili, kwa kuwa nyama yake ni laini na nyepesi kama ya swala tomi. Tatizo lake ni kwamba msimu wake huanza kabla ya baridi kuingia, na ngozi yake imejaa manyoya yanayohifadhi joto, hivyo asipochunwa na kupozwa upesi huharibika, kisha watu humlaumu. Mwenzako akikuambia kwamba alimpiga asubuhi akamzungusha kwenye gari hadi jioni, sema asante na uchukue wapiti.

Dubu ni habari nyingine. Nyama yake ina mafuta na utamu, na hufuata alichokula: aliyenenepa kwa matunda ya porini ni mtamu, na aliyekula samaki hutoa vumba. Lakini dubu na nguruwe pori wanaweza kubeba minyoo midogo inayokaa katika misuli, na aina ya minyoo hiyo inayopatikana katika maeneo ya baridi haifi hata kwa kugandishwa kwenye friza. Nyama yao ipikwe hadi katikati ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa nyumba yenye watoto wanne na mpishi asiye na kipimajoto, ningemwacha dubu aende zake.

Assalamu alaikum. Sisi ni familia ya Kiislamu kutoka Lamu, tunaishi Ohio. Tumeletewa nyama ya kusaga ya ayala na tuliipenda sana kwa harufu tu ilipokuwa ikikaangwa, lakini mume wangu aliizuia isiliwe. Je, ayala ni halali? Na kwa nini hiyo ya kusaga ilitoa mafuta mengi ilhali watu husema ayala hana mafuta? (Mama wa nyumbani, Ohio)

Wa alaikum salaam, mama. Mume wako alifanya vyema kusimama, na swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza. Ayala kama mnyama hana tatizo. Anakula majani na kucheua, kama swala na paa wanaoliwa na Waislamu wa pwani tangu zamani. Katika uwindaji, jina la Mwenyezi Mungu hutajwa wakati wa kupiga, na mnyama akikutwa angali hai huchinjwa. Kuhusu mwindaji ambaye si Mwislamu, hilo ni la masheikh, nami ni mpishi. Muulizeni imamu wenu.

Ninachokijua kwa hakika ni cha jikoni. Mnofu wa ayala ukisagwa peke yake hautoi mafuta ya kutosha hata kuloanisha sufuria. Kwa sababu hiyo mabucha yanayowasagia wawindaji huchanganya mafuta mengine, na mara nyingi mafuta hayo ni ya nguruwe. Soseji ndiyo kabisa. Harufu iliyowavutia huenda haikuwa ya ayala hata kidogo. Safari nyingine mwombeni jirani awape paja zima ambalo halijasagwa, mlisage nyumbani, na kwa kila kilo 4 za mnofu mtie kilo 1 ya mafuta ya ng'ombe au ya kondoo. Mimi nakuchagulia ya ng'ombe, kwa kuwa ya kondoo huimeza ladha ya ayala na mnaishia kula kababu za kondoo. Kwa sambusa, ambako vitunguu na pilipili vinafanya kazi yake, tofauti hiyo haitaonekana.

Mimi ni mkazi wa Dodoma. Siku hizi nyamapori inauzwa kihalali katika mabucha, nami hununua swala mara mojamoja. Je, naweza kusema kwamba nimeshaijua ladha ya ayala? Na kwa nini dada yangu aliyeko Nairobi ananiambia kwao jambo hilo haliwezekani? (Msomaji, Dodoma)

Dada yako yuko sahihi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijaurudisha, ilhali Tanzania ilitunga kanuni za uuzaji wa nyamapori mwaka 2020, ndiyo maana wewe unapewa risiti na yeye angepewa pingu. Nawe usiipoteze nafasi hiyo kwa kununua kwa mtu anayekuja usiku na kiroba kwenye pikipiki, kwani mbali na sheria, hujui mnyama huyo alikufa lini wala alikufa na nini.

Kuhusu ladha, umeijua robo tatu. Swala pala wa bucha atakupa wekundu, wepesi na ule utamu wa mwanzoni. Robo iliyobaki ni ya mahindi na ya baridi. Ayala aliyenenepa shambani akatundikwa wiki nzima ana ulaini ambao swala wa siku mbili hana, na ana ile ladha ya maini mwishoni ambayo kwa swala nimeikuta mara chache. Ukitaka kukaribia, nunua kipande cha mgongoni, kifute maji, kiache wazi juu ya sahani ndani ya friji kwa siku mbili au tatu, kisha kikaange kama nilivyoeleza katika jibu la kwanza. Usikitie papai bichi. Papai hulainisha, lakini kwa nyama isiyo na mafuta hulainisha mpaka ikawa uji.

Mzee, nimefuata desturi yetu. Nilichukua sarara ya ayala, nikaikatakata, nikaichemsha na tangawizi na ndimu kwa saa mbili ili itoe harufu, kisha nikaiunga kwa nazi. Imetoka kavu na ngumu kama kamba ya mnazi, na ladha ya maini imezidi badala ya kupungua. Mumewe dada yangu, aliyeileta, ameona haya kusema. Nilikosea wapi? Nami nikiwa na mimba ya miezi minne, je, kuna hatari? (Msomaji, Wisconsin)

Pole, mwanangu, na hongera kwa mimba. Ulichokosea ni kimoja tu, lakini ni kikubwa: ulichukua kipande kisichohitaji kuchemshwa ukakichemsha. Sarara, pamoja na mnofu mrefu uliolala kando ya uti wa mgongo, ni misuli isiyofanya kazi nzito. Haina mishipa ya kuyeyuka wala mafuta ya kuilinda, na kila dakika inayozidi juu ya moto huikamua maji. Maji yakiondoka, kinachobaki ni chuma, na chuma ndicho hicho ulichokiita ladha ya maini. Kwa maneno mengine, moto uliotumia kuondoa harufu ndio ulioiongeza.

Mapishi yako hayana kosa, yamekosa tu kipande chake. Kachukue muundi, shingo au bega, sehemu zenye mishipa mingi inayogeuka kuwa utelezi, uipike kwa moto mdogo saa tatu au nne, sufuria ikiwa imefunikwa, kisha ndipo utie tui zito mwishoni. Nazi ni rafiki mkubwa wa ayala kwa sababu humrudishia mafuta aliyonyimwa. Ukiona nyama ina damu nyingi, iloweke usiku mmoja katika mtindi ndani ya friji, uifute vizuri asubuhi. Ndimu peke yake hukata harufu ya juu lakini huipausha nyama na kuikaza. Bizari nzima na pilipili manga humfaa. Karafuu itie kwa mkono wa bahili.

Sarara kwa mtu mwingine ningesema ikaangwe ikiwa na wekundu katikati. Kwako, kwa hali uliyo nayo, hapana: nyama ya porini isiyoiva inaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo wewe kula mchuzi wa muundi ulioiva kabisa, na sarara waachie wengine mpaka ujifungue.

Kuna mambo mengine mawili ya kumuuliza shemeji yako, naye asione haya kuyajibu, maana ulimi hauwezi kuyagundua. La kwanza ni ugonjwa wa kudhoofika unaowapata ayala, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na kugunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini kinachousababisha hakifi kwa kupikwa, na mamlaka za afya za Marekani zinashauri kwamba katika maeneo yenye ugonjwa huo ayala apimwe, na akionekana anao asiliwe. Mnyama aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima na nyama yake ikawa tamu kama ya wengine. La pili ni risasi: zile zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, husambaratika ndani ya mnofu kuwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwaka 2008 jimbo la North Dakota lilizishauri ghala za chakula cha msaada zisigawe nyama ya kusaga ya ayala kwa sababu hiyo. Nyama ya kusaga ndiyo inayobeba chembe hizo zaidi, kwa kuwa huchukua vipande vya kila mahali. Muulize kama alitumia risasi za shaba au upinde, na akisema hajui, basi kwa miezi mitano iliyobaki nyama yake ya kusaga iliwe na yeye mwenyewe.

Huo mchuzi uliokauka usiutupe. Uchambue nyuzinyuzi kwa mkono, uzikaange kwa kitunguu kingi na nyanya hadi nyanya iachie mafuta, ongeza tui lililobaki na pilipili mbichi moja, ule kwa chapati. Mume wa dada yako akija tena, mwandalie hiyo kabla hujamwambia ni ileile.